Maji Mawili ya Bwana Wazir

Bwana Wazir alikutwa chini ya ngazi ya karakana yake Jumanne, mwendo wa saa tano na nusu asubuhi, kichwa kimelalia kidato cha mwisho na kiatu kimoja kimebaki juu. Aliyemkuta ni mshirika wake, Owen, na kelele alizopiga Owen ziliwatoa watu madukani hata uchochoro ukaziba. Sajini Chelangat na Konstebo Wafula walipofika ilibidi wapenye kwa mabega. Punda mmoja aliyebebeshwa mifuko ya saruji alikuwa amegoma katikati kabisa, haendi mbele wala harudi nyuma.

"Hata huyu tumwandikie taarifa," Wafula alisema.

Chelangat hakucheka. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa siku ile. Alikuwa ameomba uhamisho kurudi bara zaidi ya mara moja, na kila mara akaambiwa subira yavuta heri. Magoti yake hayakuzipenda ngazi za mawe, na nyumba za mji huu, ukiondoa milango, ni ngazi tupu.

Karakana ilikuwa chumba cha chini, kirefu na chembamba, chenye mlango wa pembeni unaofungukia uchochoroni. Humo ndimo marehemu alimotengenezea dawa ya vidonda vya punda, na mji mzima ulimjua kwa dawa hiyo. Aliitoa kwenye utomvu wa papai bichi, ule ule unaolainisha nyama ngumu jikoni. Ukipakwa kwenye kidonda hula nyama iliyooza, iliyo hai ukaiacha. Punda wengi wa Lamu walikuwa wamepona migongo kwa mkono wa Bwana Wazir.

Owen alikuwa ameketi juu ya kigoda, mikono katikati ya magoti. Alikuwa mtu wa bara kama Chelangat, mwembamba, msomi wa kemia, na mji ulikuwa umemzoea.

"Umeingia saa ngapi?" Chelangat aliuliza.

"Sasa hivi, Madam. Nimekuja na boti ya Mokowe, ile inayofika saa tano. Nimetoka gatini moja kwa moja na kasha langu. Nikafungua mlango wa pembeni, nina ufunguo, nikautoa mtungi nikauweka mezani. Kugeuka, nikamwona."

"Hukumwona ulipoingia?"

"Ukitoka juani ukaingia humu, huoni kitu."

Hilo lilikuwa kweli. Chelangat mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni kwa muda akipepesa macho.

Alitazama meza. Juu yake ulisimama mtungi wa kioo, mkubwa wa kubebwa kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na maji ya rangi mbili: ya juu ya manjano hafifu, angavu kabisa, na ya chini meupe yenye machicha. Kati yao palikuwa na mstari mmoja ulionyooka kama uliopigwa kwa rula.

"Hayo ni mafuta?"

"Hapana. Yote ni maji." Owen aliinua kichwa, na sauti yake ikapata nguvu kidogo. "Ya juu yana polima, ya chini yana chumvi. Hayapatani, kwa hiyo kila moja hujitenga. Ukitia utomvu humo, kimeng'enya tunachokitaka, kile kinachokula nyama iliyooza, hupanda juu kwenye polima, na uchafu hubaki chini. Hakuna moto wala sumu, kwa hiyo kimeng'enya hakifi. Utomvu mbichi haungoji, huharibika kwa joto, ndiyo maana tunauchanganya huko huko shambani, nyuma ya Mokowe, ndipo nauleta."

Chelangat alimwacha aseme. Watu wengine wakipata mshtuko hulia, wengine hueleza kazi zao.

Wafula alikuwa anainama kumtazama maiti, akaweka kiganja mezani ajizuie.

"Usiegemee meza!" Owen alipiga kelele.

Wote wawili waligeuka kumtazama.

"Samahani," alisema, na uso ukamwiva. "Ni mazoea. Mtungi ukishatua, hauguswi. Ndiyo sheria ya humu."

Juu ya ngazi alikuwa amesimama mwanamke kijana aliyejitanda leso, macho yamevimba. Huyo alikuwa Swafiya, mtoto wa marehemu kaka yake Bwana Wazir, aliyelelewa katika nyumba ile tangu hajajua kutembea, na aliyefanya kazi pamoja nao karakanani. Hakulia kwa sauti. Alikuwa akirudia neno moja tu, "Ami, ami," kana kwamba anamwamsha aliyepitiwa na usingizi.

Daktari wa zamu, Kerubo, hakukaa sana na maiti. Aliligusa taya, akaukunja mkono, akafungua vifungo vya kanzu.

"Taya limeshakaza, na shingo pia," alimwambia Chelangat pembeni. "Huyu amekufa kabla ya saa tatu. Na tazama hapa kifuani, michubuko miwili. Ni viganja. Hakuteleza, sajini. Alisukumwa."

Kabla ya saa tatu. Chelangat aliliweka neno hilo moyoni na kuanza kuwapima watu nalo. Owen alikuwa bado Mokowe, ng'ambo ya maji. Wafula alikimbia gatini, akarudi na jasho kuthibitisha: wapagazi wa Lamu wamemwona Owen saa tano pale gatini, na kasha lake, akatembea nao mpaka njia panda. Mlango mkubwa wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa komeo kutoka ndani. Mlango wa pembeni ulikuwa na funguo tatu: wa marehemu, wa Owen na wa Swafiya. Na Swafiya alikuwamo ndani ya nyumba tangu jana yake.

Waliamua kuviondoa vitu vya karakanani, maana uchochoro ulikuwa umejaa mikono. Owen alipinga kuhusu mtungi.

"Uacheni hapo hapo, tafadhali. Hauna kazi kwenu."

"Kila kitu cha chumba hiki kina kazi kwetu," Chelangat alisema.

Wafula aliubeba kifuani kama mtoto, akapigwa kikumbo na yule punda, akapanda na kushuka vijidaraja vyote vya mitaro, na walipofika kituoni saa sita na ushei mtungi ulikuwa umechafuka wote, mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Wafula aliuweka juu ya kabati ofisini kwa Chelangat, akafuta mikono kwenye suruali.

"Tumeharibu dawa ya watu, afande."

"Weka hapo. Tutalaumiwa kwa makubwa kuliko hayo."

Aliyefika kituoni kabla hajaitwa ni Ubaid, mdogo wake marehemu, mikono bado ina grisi. Hakuketi.

"Twamtaka maiti yetu," alisema. "Daktari amekwisha mtazama. Twataka kumzika yeo, baada ya alasiri."

"Bwana Ubaid, mbona haraka hivyo?"

"Haraka? Maiti hangojei, bibi. Hiyo ndiyo sunna, si haraka yangu."

"Nimeambiwa Ijumaa hii Bwana Wazir alikuwa aitoe nyumba wakfu, mbele ya watu msikitini. Asingalikufa, wewe usingalirithi hata tofali."

Ubaid alikuwa na macho ya mtu aliyelia njiani akayafuta kabla ya kuingia.

"Ni kweli. Mrithi ni mimi. Na mimi tangu alfajiri niko Ras Kitau, ng'ambo, nafungua injini ya boti ya hoteli, na meneja kanisimamilia kitwani kama mkwe. Mpigie simu. Kisha nipe ndugu yangu."

Chelangat alipiga. Meneja alithibitisha, tena kwa kuudhika, maana injini ilikuwa bado haijawaka. Ubaid akatolewa kwenye hesabu, na maiti ikatolewa hospitalini.

Akabaki Swafiya.

Waliketi naye ofisini, mlango wazi, feni ikizunguka bila kupunguza joto. Chelangat alimpa maji, na Swafiya akayaweka chini bila kuyanywa.

"Jirani wamekusikia jana ukigombana naye," Chelangat alianza.

"Yana usiku. Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Nyumba. Miaka yote alikuwa akinambia, Swafiya, nyumba hini ni yako, nitakuandikia ningali hai. Yana akanambia ameibadilisha nia. Ataitoa wakfu, nyumba na karakana na maarifa yote ya dawa, atakaye, aye ajifunze bure. Nikamwambia, na mimi niende wapi? Nikapiga kelele. Sikatai."

"Akasemaje?"

"Akasema Mungu hamtupi mja wake. Nikamwambia Mungu hamtupi, ila wewe ndiye unitupaye." Alijifunika uso kwa leso, akaufunua tena. "Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Ndilo aliloenda nalo."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Darini. Kitwa kilikuwa chaniuma kwa kulia. Nilipomaliza kuswali alfajiri nikapanda juu kwenye upepo, nikalala. Nyumba yetu ina kuta nene, afande, mtu wa juu hamsikii wa chini. Nalisikia kitu kimoya tu, kati ya usingizi. Nalimsikia ami akisema, 'Utue polepole.' Nikadhani ni mtu wa punda ameleta mzigo. Nikalala tena, hata nikasikia kelele za Owen."

"Saa ngapi hiyo, uliposikia 'utue polepole'?"

"Sijui. Jua lilikuwa halijanifika miguuni."

Chelangat aliliandika kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika, lakini hakuliamini. Hakuna mtu wa punda aliyekuja asubuhi ile, Wafula alikuwa ameshawauliza. Mtu aliyebanwa huona mgeni mlangoni, hilo alikuwa amelisikia kwa wengi. Na moyoni alimhurumia binti huyu, na huruma ile ilimchosha zaidi, maana haikuwa na mahali pa kwenda.

Mkuu wa kituo alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia. "Ufunguo alikuwa nao, ugomvi ulikuwapo, na nyumbani alikuwa peke yake naye. Unangoja nini?"

"Kwa kumuua hapati nyumba, afande. Nyumba anaipata Ubaid."

"Hasira haipigi hesabu za mirathi. Mfungie. Kesho asubuhi mahakamani."

Swafiya hakubishana. Alipokuwa anavuliwa pini za leso mbele ya seli, aliushika mkono wa Chelangat.

"Bi. Chelangat. Nakuomba kitu kimoya, sikuombi cha pili. Nipeleke nyumbani nimuone kabla hawajamtoa. Nifunge pingu, nitembeze mbele ya watu, sijali. Nimwambie tu lile neno halikutoka moyoni. Kisha nirudishe."

"Nitauliza," Chelangat alisema.

Aliuliza. Mkuu wa kituo alisema mtuhumiwa wa mauaji hapelekwi kwenye matanga ya aliyemuua, hata mtoto mdogo anajua hilo, na mji utawaka moto. Chelangat alirudi ofisini. Hakwenda seli kumwambia Swafiya jibu, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuutazama uso wake, na akajiambia atakwenda baadaye kidogo.

Mchana ulipita hivyo hivyo, mzito. Chelangat alivua viatu chini ya meza, akatandaza taarifa, akaanza kuziandika upya kwa mwandiko unaosomeka. Kila akiinua macho alikutana na mtungi juu ya kabati. Mara ya kwanza ulikuwa mweupe wote. Baadaye, alipokuwa amefika kwenye maelezo ya Ubaid, aliona juu kabisa utando wa manjano angavu, mwembamba kama ukucha. Alidhani ni mwanga wa dirisha. Akaendelea kuandika.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Muda si mrefu, kwa mbali, akasikia sauti za wanaume zikija pamoja, la ilaha illallah, zikikaribia kwa mwendo wa watu wanaopokezana mabega. Jeneza la Bwana Wazir lilipita nyuma ya kituo. Upande huo ndiko kulikokuwa na dirisha la seli. Konstebo wote walisimama, hata wale wa bara, na Chelangat akasimama pekupeku. Kutoka seli haikusikika sauti yoyote. Jeneza likapita, sauti zikapungua, mji ukarudi kwenye shughuli zake.

Aliketi tena, akainua macho, na mtungi ulikuwa umetulia.

Juu manjano angavu. Chini nyeupe yenye machicha. Katikati mstari ule ule ulionyooka, kama alivyouona asubuhi mezani.

Chelangat aliutazama kwa muda mrefu, kwanza kwa kufurahi tu kwamba hawakuuharibu. Kisha furaha ikamkauka. Wafula aliubeba mtungi kutoka karakanani mpaka hapa, njia fupi, ukavurugika wote. Ukahitaji tangu adhuhuri mpaka alasiri kutulia. Na Owen alikuwa amesema ameubeba kutoka Mokowe, kwenye boti inayorushwarushwa na mawimbi, kisha gatini, kisha uchochoroni, akauweka mezani, akageuka, akapiga kelele. Polisi walifika kabla kelele hazijapoa. Na walipofika, ulikuwa angavu.

"Wafula!"

Wafula aliingia mbio, akidhani kuna nyoka.

"Wapagazi wa gatini walikwambia nini hasa? Neno kwa neno."

"Kwamba wamemwona Owen saa tano, na kasha."

"Walimwona akishuka botini?"

"Walimwona gatini, afande. Amesimama na kasha. Sikuuliza alifikaje hapo."

"Na Mokowe ulimuuliza nani?"

"Sikuuliza Mokowe."

Chelangat hakumgombeza, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa amemtuma Mokowe. Alitafuta namba ya Hillary, mkata tiketi wa gati ya Mokowe, mtu anayekaa pale tangu alfajiri na ambaye hakuna abiria anayempita bila kutaniwa.

"Owen wa dawa ya punda?" Hillary alisema, na nyuma yake injini zilinguruma. "Huyo ni wa boti ya kwanza siku zote. Leo pia. Amekuja giza halijaisha vizuri, na kasha lake, akamwambia nahodha asiende mbio kwa sababu ana mtungi. Tumemcheka, tumemwambia amebeba bibi harusi."

"Una hakika ni leo?"

"Leo, Madam. Leo nimemrudishia chenji mbovu akanirudia nayo."

"Na boti inayofika huku saa tano, hakuipanda?"

"Angeipanda vipi naye ameshavuka? Hajarudi huku mpaka sasa."

Chelangat aliweka simu chini, akavaa viatu. Kisha akamtuma Wafula kwa Owen na ujumbe mfupi: mtungi umetulia, aje auchukue.

Owen alikuja haraka kuliko watu wanavyokuja kuchukua jamaa zao. Alikuwa na mpira mwembamba wa kunyonyea maji ya juu na chupa safi chini ya kwapa. Hakumsalimu mtu. Aliinama mbele ya mtungi, akaufuata ule mstari kwa jicho, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yakashuka.

"Umetulia vizuri," alisema.

"Umechukua muda wa kawaida?" Chelangat aliuliza.

"Mliubeba saa sita, si ndiyo? Basi ndiyo kawaida yake. Chumvi tunaitia kidogo sana ili isikidhuru kimeng'enya, kwa hiyo maji haya huachana kwa kujivuta. Ukitaka haraka ongeza chumvi, lakini…"

"Kwa hiyo ukitikiswa tu, lazima ungoje saa kadhaa."

"Lazima. Kila mara. Hakuna namna ya…"

Mpira ulikuwa bado mkononi mwake.

"Keti, Bwana Owen," Chelangat alisema.

Aliketi. Wafula alifunga mlango, akasimama mbele yake.

"Asubuhi uliniambia umeutoa kwenye kasha, ukauweka mezani, ukageuka," Chelangat alisema. Hakuinua sauti, hakuwa nayo ya kuinua. "Mimi niliingia muda mfupi baadaye, na mstari ulikuwa umenyooka kama huu. Mtungi ule ulikuwa umekaa pale mezani tangu mapema. Nimeongea na Hillary. Ulivuka na boti ya kwanza. Ulifika kwa Bwana Wazir asubuhi, akakwambia uutue polepole, na Swafiya akamsikia, nami sikumwamini. Kisha akafa. Ukatoka na kasha tupu, ukajificha, ukangoja boti ya saa tano, ukasimama gatini katikati ya watu wanaoshuka uonekane. Ukarudi nao. Nimekosea wapi?"

Owen aliutazama mtungi badala ya kumtazama yeye.

"Nilikuwa nimekaa nyuma ya godauni la mikoko," alisema baadaye. "Muda wote ule. Hujakosea."

"Kwa nini hukuutikisa? Ulirudi karakanani peke yako. Ungeutikisa mara mbili tatu, nisingejua maisha yangu yote."

"Niliufikiria. Niliushika hivi." Alinyanyua viganja viwili hewani. "Nilijua wazi, ningeutikisa ungetulia tena jioni, hakuna ambacho kingepotea. Lakini miaka yote nimekuwa nikiwaambia wao, mtungi ukitua hauguswi, hata nyumba ikiungua. Nimemfokea Swafiya kwa kupiga chafya karibu nao. Na huu ndio wa kwanza uliotoka safi kabisa, Madam. Wa kwanza. Mikono haikukubali. Nikajiambia, polisi watajua nini kuhusu mstari."

Wafula alikohoa.

"Na Bwana Wazir?" Chelangat aliuliza.

"Alifurahi alipouona. Tulisimama pale kama watoto, tukautazama ukianza kutulia. Alikuwa na machozi. Ndipo akasema, sasa Ijumaa nitasimama na jambo zuri mbele ya watu. Akanieleza habari ya wakfu. Si nyumba tu. Vipimo vyote, polima kiasi gani, chumvi kiasi gani, kila mtu aje anakili." Sauti yake ilipanda. "Kuna kampuni Nairobi, nimezungumza nao mwaka mzima. Wangenichukua na njia hii, wangenipa maabara yenye jina langu mlangoni. Kitu kikishakuwa cha wote, nani atamtaka mtu aliyekileta? Nilimwambia angoje. Akasema mauti hayangoji, yeye anataka thawabu ingali moto. Thawabu yake, Madam, kwa usingizi niliopoteza mimi! Alianza kupanda ngazi, ameshamaliza maneno. Nikamfuata nikampita, nikamzuia kwa mbele. Akasema, 'Nipishe, mwanangu.' Nikamsukuma."

"Ulimwita mtu?"

"Alikuwa ameshakufa."

"Swafiya alikuwa juu."

"Nilidhani ametoka. Nilipomwona juu ya ngazi baadaye, nilitaka kusema. Nilitaka kweli. Kisha mkaanza kumuuliza yeye kuhusu funguo, na nikaona…"

"Ukaona maji yanajitenga yenyewe," Wafula alisema.

Mkuu wa kituo aliitwa, akasikiliza, akavaa kofia yake bila kusema neno kuhusu hasira na mirathi. Owen alitiwa pingu. Kabla hajatolewa aliomba mtu ayanyonye maji ya juu ayatie kwenye chupa na kuiweka penye baridi, maana jua la kesho litayaharibu. Wafula alimshika bega akamtoa nje.

Chelangat alichukua ufunguo wa seli yeye mwenyewe.

Swafiya alikuwa amekaa sakafuni chini ya dirisha, mgongo ukutani. Hakuinuka mlango ulipofunguliwa.

"Uko huru," Chelangat alisema. "Ni Owen. Amekiri."

Swafiya alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa habari ya mji mwingine.

"Wamekwisha kumzika?"

"Wamekwisha."

"Nalisikia wakipita. Nikasema labda ni wa mtu mwingine. Watu hufa wengi." Alijifunga leso, akaokota pini zake moja moja kutoka kwenye kiganja cha Chelangat. "Uliuliza?"

"Niliuliza. Nikakataliwa."

"Hukuya kunambia."

"Sikuja."

Walitoka pamoja. Chelangat alisisitiza kumsindikiza, ili watu waone kwa macho yao kwamba polisi ndio wanaomrudisha, na Swafiya hakukubali wala hakukataa. Waliowaona uchochoroni walipisha njia. Wengine walitoa salamu kwa sauti ndogo. Magoti ya Chelangat yalikuwa yanawaka, na hakujali. Alikuwa akitafuta neno la kusema, na kila neno aliloliokota lilikuwa la ofisini.

Mlangoni palijaa viatu vya wanawake, na ndani sauti ya mtu ilikuwa ikisoma Yasini. Chelangat aliinama avue vyake, aingie kutoa mkono wa pole kama inavyopasa.

"Usiingie, afande," Swafiya alisema.

Chelangat alibaki ameinama, kamba ya kiatu mkononi.

"Kunifunga sikulaumu. Hata mimi ningejifunga, kwa maneno yale niliyosema. Ila nimetembea sasa hivi kutoka kwenu kuya hapa." Swafiya alitazama uchochoro walikotokea. "Ni ndia fupi. Sikuwa nikijua ni fupi hivi."

Aliingia ndani. Kisomo kikakatika, wanawake wakamlilia kwa pamoja, na mtu akausukuma mlango kutoka ndani ukafungika. Chelangat alifunga kamba ya kiatu chake, akanyooka kwa kushika ukuta, akaanza kurudi kituoni.